UZI: Ukoo una kisukari na presha, na umeshavuka 40? Tuanzie kwenye sufuria

#1 Mwiko_na_Mizani (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni kwa wale ambao mzazi, kaka au dada wa tumbo moja ana kisukari aina ya pili au presha ya kupanda, na wao wenyewe wako kati ya miaka 40 na 60. Hawajaambiwa wanaumwa, au wameambiwa tu sukari "iko mpakani". Wajawazito, wenye kisukari aina ya kwanza na wenye tatizo la figo karibuni msome, lakini hesabu zenu ni nyingine, mpangiwe na daktari.

Kwanza tuelewane kuhusu kurithi. Ukiwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari aina ya pili, uwezekano wako wa kukipata ni mara mbili hadi tatu ya mtu asiye naye. Hilo halina ubishi. Ila ukoo haurithishani damu peke yake. Unarithishana pia ukubwa wa bonge la ugali, chai ya vijiko vitatu na mkono mzito wa chumvi, na hivyo vinabadilika hata ukiwa na miaka 50. Majaribio makubwa mawili yameonyesha hivyo, la Finland lililotangazwa 2001 na la Marekani la 2002. Waliochukuliwa walikuwa watu wazima ambao sukari ilishaanza kupanda. Waliobadili mlo, wakapunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa 58%. Kule Marekani lengo lilikuwa kupunguza 7% ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kundi lililopewa vidonge vya kisukari vya metformin bila mpango huo lilipunguza kwa 31%. Kwa mtu wa kilo 85, hiyo 7% ni kilo 6.

Wengi hukosea pa kuanzia. Wanaanza na sahani ya mtu mmoja, anapikiwa chake pembeni huku nyumba nzima ikiendelea kama jana. Mwezi hauishi, karudi kwenye sufuria ya wote. Anzeni na stoo. Chukua kalamu ya wino mzito, andika tarehe juu ya pakiti kila unapoifungua. Mfano wa nyumba ya watu wazima watano:

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku. Watu watano ni gramu 25, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo inatakiwa ifike siku 20. Ikiisha siku ya 10 mnakula maradufu, na hapo hatujahesabu chumvi iliyo ndani ya mkate, soseji na viungo vya pakiti.

Sukari. Kiwango kizuri ni gramu 25 kwa mtu kwa siku, na isizidi 50. Nyumba ya watano ikishika 25, kilo moja inafika siku 8. Zipo nyumba ambazo kilo inaisha siku 3, na soda za nje bado hazijahesabiwa.

Mafuta. Kipimo ninachowapa watu ni vijiko 2 vya chakula kwa mtu kwa siku, yaani mililita 30. Dumu la lita 5 kwa watu watano lifike mwezi mmoja na siku chache. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, yawe alizeti, mawese au nazi, kina kalori kama 120. Mtu anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hamimini kijiko kimoja kamwe.

Fanyeni hiyo hesabu wiki mbili kabla ya kubadili chochote, mjue mnapovuja. Nyumba nyingine tatizo ni chumvi, nyingine mafuta, nyingine ni wanga tu.

Sasa ugali. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga kama gramu 75. Kikombe cha mililita 250 kilichosawazishwa huchukua gramu 120 hadi 150 kulingana na unga ulivyosagwa. Mtu mzima asiyefanya kazi ya sulubu anatosheka na unga wa gramu 80 hadi 100 kwa mlo, ambao ukisongwa unatoa bonge kama ngumi yake. Wengi wanakula mara mbili ya hapo bila kujua, kwa sababu ugali ukiwa katikati ya meza kila mtu anamega na hakuna anayehesabu. Pakueni kwenye sahani. Hilo peke yake linapunguza.

Msikate nusu kwa siku moja. Punguzeni robo ya unga, kaeni wiki mbili, kisha robo nyingine. Na kila robo inayotoka iingie mboga na protini. Ukipunguza ugali bila kuongeza kitu, saa nne usiku mtu anakata mkate na chai, na hapo hamjapunguza lolote.

Mboga ndiyo pagumu kwetu. Fungu dogo la mchicha likishaiva linabaki viganja viwili, kwa watu watano huko ni kuonja. Lengo ni nusu ya sahani iwe mboga, maana yake mafungu manne au matano, au mchicha mafungu mawili na nusu ya kabeji, au bamia na nyanya chungu pembeni. Gharama inapanda kwenye mboga na kushuka kwenye unga, sukari na mafuta. Anayenunua aijue hesabu hiyo mapema, asikate tamaa sokoni.

Nawasilisha kwa sasa, wataalamu wa vipimo na dawa waongezee nyama.

#2 Maabara_Usiku

Mkuu umeeleza vizuri. Mimi naongezea upande wa vipimo, maana kubadili mlo bila namba za kuanzia ni kubahatisha.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula, baada ya kufunga saa 8 hadi 10 (maji tu ndiyo yanaruhusiwa, chai bila sukari nayo iache): chini ya 5.6 mmol/L ni nzuri, 5.6 hadi 6.9 ndiyo huo mpaka, 7.0 kwenda juu ni kisukari, na lazima kirudiwe siku nyingine kuthibitisha kama huna dalili. Wapo wanaoanzia mpaka kwenye 6.1, ndiyo maana madaktari wawili wanaweza kukupa majibu mawili kwa namba moja.

HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu: chini ya 5.7% nzuri, 5.7 hadi 6.4 mpakani, 6.5 kwenda juu kisukari. Angalizo kubwa kwa sisi huku: kipimo hiki kinasoma himoglobini, kwa hiyo selimundu, upungufu wa damu au damu uliyoongezewa karibuni vinaweza kukipotosha. Hata anayebeba selimundu bila kuumwa, baadhi ya mashine humpa jibu lisilo sahihi. Kwa watu hao tegemeeni sukari ya asubuhi au kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa baada ya saa 2, hapo 7.8 hadi 11.0 ni mpakani, 11.1 kwenda juu ni kisukari.

Pima pia mafuta ya damu, kreatinini ya figo na mkojo kuangalia protini. Na kiuno, kwa futi kamba, usawa wa kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida. Mwanamume 94 kwenda juu na mwanamke 80 kwenda juu (sentimita) ni dalili ya mafuta kujikusanya tumboni. Kanuni rahisi zaidi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Ukiwa na mashine ya nyumbani, nawa mikono kwa sabuni na ukaushe kabisa kabla ya kutoboa. Mtu aliyetoka kumenya embe, tone lake la kwanza linasoma sukari ya embe iliyobaki kwenye kidole. Kopo la stripu (vile vijikaratasi vya kupimia) lifungwe papo hapo, unyevu wa Dar unaziharibu kabla ya tarehe yake.

#3 Mpishi_wa_Pwani

Assalaam aleikum jamani. Nimesoma hesabu ya mafuta, lakini huku pwani mafuta mengi hatuyamimini kutoka kwenye dumu, yamo ndani ya nazi. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda, yanayopandisha kolesteroli mbaya. Wali wa nazi, maharage ya nazi na mchicha wa nazi, vyote kwenye mlo mmoja, ni nazi tatu kwa siku.

Sisemi muache nazi. Chungu kimoja tu kwa mlo kiwe cha nazi. Ikiwa ni samaki wa kupaka, basi wali uwe mweupe na mboga ichemshwe. Ukishakuna, kamua kasimile (tui zito la kwanza) uiweke pembeni, halafu kamua tui la pili na la tatu. Pikia tui hilo jepesi, na mwishoni kabisa, ukishapunguza moto, tia vijiko viwili au vitatu vya kasimile na usiache itokote tena. Ladha inakaa juu, mtu akila anaiona nazi yote. Kasimile iliyobaki iweke kwenye friji ya mlo wa kesho.

Chumvi ipunguzwe kwa uchachu. Ukwaju, ndimu, embe bichi. Ndimu ikamuliwe chakula kikishaepuliwa, ukiitia mapema ikapikwa harufu yake inakwenda na mvuke na mtu anarudi kwenye kikopo cha chumvi. Ila achari isikudanganye: ndimu na maembe ya achari yamelala kwenye chumvi siku nyingi, kijiko kimoja kizito ni mzigo.

Papa ng'onda na samaki wengine wa chumvi: osha, loweka usiku kucha, badili maji mara mbili au tatu, kisha chemsha kidogo na umwage maji hayo. Onja kipande. Mchuzi wake usitiwe chumvi hata punje.

Na mwezi wa Ramadhani. Futari yetu ina muhogo, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati za shira na uji, wanga sita kwenye mkeka mmoja baada ya mchana mzima tumbo tupu. Chagua wanga mmoja kwa siku, kwa zamu. Fungua kwa maji na tende mbili (ndogo moja ina sukari kama gramu 5), ule bakuli la mchuzi wa kunde au samaki, ukaswali, ukirudi ndiyo ule huo muhogo wako. Anayetumia dawa za sukari asifunge kabla ya kupangiwa upya dawa zake.

#4 Boda_Mbezi

Wakuu ufafanuzi mzuri sana. Swali: mtu anayekula mchana kwa mama ntilie afanyeje? Kule hupimi unga wala mafuta, na asubuhi ni supu na chapati mbili.

#5 Mwiko_na_Mizani

Kaka, hapo unacheza na kuagiza. Sahani ya wali ya kijiweni ina wali uliopikwa gramu 350 hadi 400, ambao ni wanga kama gramu 100 au zaidi kidogo. Sema "wali nusu, maharage na mboga ongeza, mchuzi weka kando". Wengi wanakubali, hasa ukiwa mteja wa kila siku, na ukilipa bei ileile hakuna atakayenuna. Kumbuka maharage yenyewe yana wanga pia, ila yana nyuzinyuzi nyingi na yanameng'enywa taratibu. Wali nusu na maharage ya kutosha ni mlo mzuri kuliko wali umejaa na kipande cha nyama.

Anza kula mboga na maharage au samaki, wali umalizie. Ni jambo dogo lakini sukari baada ya mlo inapanda kidogo kuliko ukianza na wanga.

Chapati moja inabeba unga wa ngano gramu 60 hadi 70 na mafuta yanayokaribia kijiko cha chakula. Chapati mbili za asubuhi ni wanga karibu gramu 100 kabla ya saa tatu. Chukua moja, na supu yenyewe iwe ya nyama isiyo na mafuta yanayoelea. Ukitaka nzuri zaidi, mayai mawili ya kuchemsha na ndizi mzuzu moja ya kuchemsha au kipande cha muhogo wa kuchemsha.

Vinywaji ndipo penye ushindi wa haraka kuliko pote. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai vilivyosawazishwa. Juisi ya miwa na juisi ya embe ya kusaga haziponi hapo, kwa sababu nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio au zimesagwa. Embe lenyewe ule, nusu ya kubwa inatosha. Chai shusha nusu kijiko kila wiki, usiruke kutoka vijiko vitatu hadi sifuri. Na asali ni sukari. Mwili hauulizi imetoka kwa nyuki wa Tabora au kiwandani.

#6 Dawati_la_Dawa

Naomba mnisikilize kwenye hili maana ndipo watu wanaanguka.

Kuna wanaosoma uzi kama huu na tayari wanatumia dawa. Anayekula vidonge vya kisukari vya glibenklamidi au gliklazidi, au anayechoma insulini, akipunguza wanga kwa nusu bila kupunguziwa dawa, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu, hivyo anaweza kushuka usiku amelala. Dalili ni jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Kama bado anameza vizuri, mpe sukari vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa kwenye maji nusu glasi, subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini ya 4.0. Ikishapanda ale kitu chenye wanga. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Nenda kwa daktari KABLA ya kubadili mlo, umwambie "napunguza wanga kwa kiasi hiki". Metformin peke yake haina tabia hiyo ya kushusha ghafla.

Dawa za presha vilevile. Chumvi ikipungua na uzito ukishuka, kidonge cha zamani kinaweza kuwa kikali. Ukisimama ukaona kizunguzungu, pima presha ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, peleka namba hizo. Usiache dawa mwenyewe.

Chumvi iliyojificha dukani kwetu: vidonge vinavyotoka mapovu kwenye maji. Parasetamoli ya mapovu kidonge kimoja kinaweza kuwa na sodiamu kama miligramu 400, ambayo ni chumvi gramu 1. Anayekunywa sita kwa siku amemaliza kiwango chake kabla hajala. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazoliwa kama karanga na watu wenye magoti mabovu, zinapandisha presha na kuchosha figo. Mtu anaweza kukata chumvi yote akashangaa presha haishuki, kumbe sababu iko mfukoni.

Zipo pia "chumvi za wagonjwa" zenye potasiamu badala ya sodiamu. Kwa mwenye figo nzima zinasaidia presha. Kwa mwenye figo mbovu, au anayetumia spironolaktoni au dawa za presha za kundi la enalapril na losartan, potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Uliza kwanza.

#7 Mkaa_Bukoba

Naona wanga umesakamwa sana. Kwa nini msiseme tu mtu aache wanga wote? Sukari inashuka ndani ya siku chache. Na pili, ndizi za kupika na uji wa ulezi mnaviweka wapi?

#8 Mwiko_na_Mizani

Mkuu, ni kweli inashuka haraka, sibishi. Tatizo ni kinachoingia mahali pa wanga. Kwenye nyumba zetu kinaingia nyama ya mafuta, mayai ya kukaanga na mchuzi mzito wenye chumvi, choo kinakuwa kigumu, na kwa baadhi ya watu kolesteroli mbaya inapanda sana. Mwenye ukoo wa presha na kiharusi hapaswi kuuziwa hivyo. Kisha ikija misiba na harusi anarudi kwenye pilau, na hana kipimo chochote cha kati alichojifunza. Anayetaka njia hiyo aifanye na daktari, apime mafuta ya damu baada ya miezi mitatu. Na kama anatumia vidonge vya kisukari vya dapagliflozini au empagliflozini asiithubutu peke yake, kuna hatari ya damu kujaa tindikali hata sukari ikiwa ya kawaida.

Ndizi za kupika ni wanga, nafasi yake ni ileile ya ugali: robo ya sahani, ndizi mbili au tatu za wastani, maharage mengi ndani yake, na usizipike mpaka zikawa rojo. Mbichi ni bora kuliko zilizoanza kuiva.

Uji wa ulezi nao umetukuzwa kupita kiasi. Ulezi ni nafaka nzuri, lakini ukisagwa laini, ukapikwa mwepesi ukatiwa sukari, unashuka tumboni haraka na sukari inapanda upesi. Ule uji wa lishe wenye nafaka saba ndani ni wa kumnenepesha mtoto, si wa mtu mzima mwenye kitambi. Ukitaka uji, kikombe kimoja, mzito, bila sukari, na karanga za kusaga kijiko kimoja au maziwa ya mgando.

Dona na sembe kabla hamjauliza: dona ina nyuzinyuzi, madini na vitamini ambazo sembe imepoteza kwenye kukoboa. Kuleni dona. Lakini bonge kubwa la dona bado ni bonge kubwa. Watu wanabadili unga, wanaongeza kipimo kwa sababu "ni dona", na miezi mitatu baadaye HbA1c iko palepale.

#9 Sista_Zamu

Presha ipimwe vizuri jamani, maana watu wanabadili mlo kwa kufuata namba za uongo. Kojoa kwanza. Usiwe umekunywa kahawa, kuvuta sigara wala kutembea mwendo mkali ndani ya nusu saa. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Mkono mnene unahitaji mkanda mpana, mdogo unaongeza namba. Pima mara mbili kwa kuachana dakika moja, asubuhi na jioni kwa siku 7, tupa za siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani wastani wa 135/85 kwenda juu unahitaji daktari. Hospitalini ni 140/90.

Namna ya kupunguza chumvi jikoni kwa nyumba ya watano: kila asubuhi pima vijiko 3 vya chai vilivyosawazishwa, weka kwenye kikopo kidogo. Hiyo ndiyo chumvi ya kupikia siku nzima. Kikiisha kimeisha. Inayobaki kwenye zile gramu 25 inaingia na mkate na vingine. Wali pika bila chumvi, chumvi yote iende kwenye mboga na mchuzi, na iingie mwishoni. Kibonge cha mchuzi cha gramu 10 karibu nusu yake ni chumvi, yaani mgao wa mtu mmoja wa siku nzima, hivyo ukikitumia usiongeze chumvi. Magadi kwenye mlenda na maharage nayo ni sodiamu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, yataiva bila magadi. Mwanzoni chakula kitaonekana kimepooza, ulimi unazoea ndani ya wiki chache. Na chumvi mnayotumia iwe yenye madini joto.

#10 Boda_Mbezi

Sista shukrani. Swali la mwisho: mtu wa miaka 50 akipunguza chakula hivi si atakonda na kuishiwa nguvu? Na watoto wa nyumba hiyohiyo wanakula vipi?

#11 Mwiko_na_Mizani

Swali zuri. Kuanzia miaka ya 40 misuli inaanza kupungua, na msuli ndiyo mahali pakubwa sukari inapokwenda baada ya mlo. Ukipunguza chakula chote kwa pamoja, unakonda mapaja na mikono huku kitambi kikibaki. Kwa hiyo protini isishuke. Lenga gramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 75 anazipata hivi: mayai 2 (gramu 12), kikombe cha maharage yaliyoiva (15), samaki aliyepikwa gramu 120 (kama 28), dagaa wakavu gramu 30 (kama 18). Jumla ni 73, hata nyama hujanunua. Dagaa wa chumvi waloweke kama alivyoeleza Mpishi wa Pwani.

Mara mbili kwa wiki fanya kazi ya misuli: kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, mara 10 kwa mikupuo mitatu, kusukuma ukuta, kubeba ndoo mbili za lita 10 na kutembea nazo uani. Na baada ya chakula cha usiku tembea dakika 10 hadi 15 kabla ya kukaa kwenye televisheni. Sukari ya baada ya mlo inashuka siku hiyohiyo, ukiwa na mashine utaiona. Kushuka kwa nusu kilo kwa wiki kunatosha. Ukikonda haraka bila kujitahidi, huku una kiu na unakojoa sana usiku, hayo si mafanikio ya mlo, nenda ukapimwe.

Watoto: chumvi, sukari na soda wapunguziwe sawa na wakubwa, hiyo ni faida yao. Ugali, maziwa na mafuta ya mtoto anayekua usiviguse, hasa wa chini ya miaka mitano. Yeye apakuliwe hadi ashibe.

Vipimo virudiwe baada ya miezi mitatu, maabara ileile, kiuno kwa futi kamba ileile. Wenye majibu ya mwanzo mkononi na wanataka kujua waanzie kukata wapi, wekeni humu umri, kiuno, sukari ya asubuhi na siku ambazo pakiti ya chumvi na kilo ya sukari vinadumu, majina msiweke.